Saa Sita za Salvatori

Kwa siku nne Inspekta Pudensiana Lyamba alikuwa akizitafuta saa sita, na Mpanda nzima ilikuwa imemwambia haina.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi, na ndiyo maana ilimuudhi. Usiku wa Jumamosi watu ishirini na wawili walimwona Salvatori, mtengeneza mvinyo kutoka Dodoma, akitoka mgahawa wa Kiboko Lala saa tatu na robo, amekasirika, chupa kwapani. Baada ya hapo alionekana kwenye picha moja tu, amesimama peke yake chini ya taa ya sola pale njia inapokatiza reli, mzima kabisa. Kompyuta ya kituoni ilisema picha hiyo ilipigwa 03:36, yaani saa tisa na dakika thelathini na sita usiku. Kulipokucha wanawake waliokuwa wakipeleka mchicha sokoni Kashaulili walimkuta mtaroni, hatua mia kutoka kwenye taa ile ile, kichwa kimepasuliwa. Maji ya mtaro yalikuwa yamempoza mwili, na daktari alisema hawezi kuapa ni saa ngapi alikufa.

Sasa, kati ya mgahawa na ile taa ni mwendo wa dakika kumi, hata kwa mtu mwenye tumbo. Salvatori alitumia saa sita. Alikuwa wapi?

Pudensiana alipita gesti zote na baa zote. Mama mmoja wa gesti aliapa mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba mtu wa Dodoma alilala kwake usiku ule, tena alidai shuka ya pili. Mtu huyo alipatikana siku ya pili yake, mzima wa afya, anauza karanga stendi. Shuka alikiri kuidai.

Mahabusu alikuwamo Makoye, mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi kando ya reli. Kosa lake ni kwamba saa tisa usiku hakuwa lindoni. Afande Malale, mkuu wa upelelezi, alikuwa ameshaamua: kesho Ijumaa, saa tatu asubuhi, Makoye anapandishwa kizimbani kwa kosa la kuua. Mkewe, Minza, alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo tangu Jumapili, mtoto mgongoni.

"Afande," alimwambia Pudensiana asubuhi ile, "mtoto alikuwa anachemka. Makoye alikuja saa nane, akakaa na sisi mpaka kumi, akarudi kazini. Nyie mnasema aliua saa tisa. Saa tisa alikuwa ananishikia beseni."

"Kuna mwingine aliyemwona?"

"Nani atatuona usiku ule, Afande? Na mimi si mtu?"

Afande Malale alikuwa amesema mke hawezi kusema vingine, na faili likafungwa kwa kamba.

Mchana wa Alhamisi hiyo alikwenda Kiboko Lala. Meneja, Selestine, alimkaribisha kwa juisi ya ukwaju na kiti chenye mto. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, kucha zake safi kuliko za Pudensiana. Ni yeye aliyeanzisha "usiku wa mvinyo" mjini Mpanda: Jumamosi moja kila mwezi, sahani tano, glasi tano, na kwa kila glasi mtu wa kuelezea mnachokunywa. Watu wa madini waliupenda. Wengine walikuja kupigwa picha tu.

"Salvatori alikasirikia nini?"

"Alisema mvinyo ulio kwenye glasi si wake. Eti chupa ni zake, karatasi ni yake, lakini kilichomo ndani tumejaza wenyewe." Selestine alitabasamu. "Mgeni akilewa lazima amlaumu mtu, Afande. Akabeba chupa moja, akasema anaipeleka ikapimwe."

"Chupa haikuwepo mtaroni."

"Basi aliyemuua alikuwa na kiu."

Pudensiana alimtazama mpaka lile tabasamu likapungua.

"Picha za chakula kile ziko wapi?"

"Felista, mpiga picha wetu, hutumia kadi mbili za kamera. Nyekundu ni ya mgahawa, ananiachia usiku ule ule. Nyeusi ni yake, ya kupigia mambo yake ya mitaani. Hiyo nyeusi ndiyo mliyoikuta studio kwake."

"Nataka nyekundu."

"Nimeifuta. Nilichukua picha saba za kuweka mtandaoni, zilizobaki nikafuta Jumapili. Kadi ndiyo hiyo hiyo, mwezi ujao inatumika tena."

"Jumapili. Siku aliyokutwa mtaroni."

"Nilikuwa sijajua, Afande. Nilitoka msibani na usingizi machoni."

Msiba ulikuwa wa kweli, Pudensiana alikuwa ameshauhakiki. Mzee wa jumuiya alifariki Majengo, na Selestine alifika kukesha saa sita kasorobo, akakoroga uji wa wafiwa mpaka kunakucha. Watu hamsini walikuwa tayari kuapa.

"Na Felista yuko wapi?"

"Yule mtoto? Nasikia kaenda kwao Karema, ziwani." Alisimama kumsindikiza. "Kwa kweli, Afande, mimi nawaonea huruma. Mtu ameonekana mzima kwenye ile picha ya saa tatu na nusu, halafu..." Akasita. "Tisa. Saa tisa na nusu. Hizi saa za kompyuta zinachanganya."

Pudensiana aliandika hilo pia kwenye daftari lake. Aliandika kwa sababu yeye huandika kila kitu, hata rangi ya mto wa kiti. Hakujua bado ameandika nini.

Felista hakuwa Karema. Dereva wa bodaboda aliyempeleka ndiye aliyeropoka: binti yuko Misunkumilo, kwa shangazi yake, hatoki hata kuchota maji. Pudensiana alimkuta huko jioni, kwenye chumba chenye dirisha lililozibwa kwa gunia. Msichana wa miaka ishirini na nne, macho yamezama. Kamera yake alikuwa ameifukia kwenye ndoo ya unga, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Wameingia studio kwangu mara mbili, Afande," alisema. "Laptopu ipo. Taa zipo. Hawakuchukua kitu. Wanaitaka kamera, na kamera ninayo mimi. Kila pikipiki ikipita hapa usiku najua zamu yangu imefika."

"Kuna aliyekutishia?"

"Hajanitisha mtu. Ndiyo inavyozidi kuniogopesha."

Walipanda bodaboda mbili mpaka studio, Majengo, kwa sababu laptopu ilikuwa huko na Pudensiana alitaka kumwonyesha picha zake mwenyewe. Hakwenda na gari la kituo. Mji mdogo huu, gari la polisi likisimama mahali, kabla injini haijapoa kila mtu anajua limebeba nini.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye mlango uliofungwa kwa waya pale kitasa kilipovunjwa. Juu ya mlango palikuwa na saa ya ukutani, zawadi ya duka la mbolea. Upande wa pili, kuanzia dari mpaka sakafuni, lilining'inia pazia la kupigia picha, limechorwa maporomoko ya maji na maghorofa, vitu ambavyo mchoraji hakuwahi kuviona pamoja. Saa ilionyesha saa moja na dakika arobaini. Nje giza lilikuwa limeshaingia.

Pudensiana alichomeka flashi yenye nakala ya kadi nyeusi. Kadi yenyewe ilikuwa kwenye bahasha ya vielelezo kituoni, imepigwa muhuri. Picha zilikuwa mia mbili na kumi na nne, na aliomba waziangalie zote, moja moja, tangu ya kwanza.

Hakutegemea kuzipenda. Muuza chipsi akiwa amezungukwa na moshi wake. Vijana wa bodaboda wamelala juu ya tangi za pikipiki. Kichwa cha treni ya Tabora kikingojea stesheni, taa moja imewaka. Mpanda aliyoizoea tangu utoto ilikuwa kule ndani, lakini kila mtu aliyemo alionekana kama anayejua kuna jambo linakuja. Pengine ni siku nne bila usingizi ndizo zilizomwonyesha hivyo.

"Usiku wa mvinyo nikishamaliza kazi," Felista alisema, "namwachia kaka Selestine kadi yake, naweka yangu, natembea. Ndiyo hapo nilimkuta yule baba kwenye reli. Niliomba nimpige. Akasema nipige, na chupa ionekane."

"Alikuwa na mtu?"

"Hapana. Alisema anamngoja mtu. Anakuja kuyamaliza."

Kalamu ya Pudensiana ilisimama. "Alisema nani?"

"Hakusema jina."

Wakaendelea. Picha ya mia na tisini na saba haikuwa ya usiku. Ilikuwa ya Alhamisi, siku mbili kabla ya kifo: mama mmoja soko la Kashaulili, ameinua migebuka mikavu, samaki wa ziwani, juu ya kichwa, anacheka. Pudensiana aliipita. Halafu akairudia.

Jua lilikuwa kali. Kivuli cha yule mama kilikuwa chini ya miguu yake, kidogo, unaweza kukifunika kwa kanga. Pudensiana akasoma maandishi ya pembeni: 18:20.

"Hii ulipiga lini?"

"Alhamisi ile. Naenda kula."

"Kula cha mchana?"

"Ndiyo, Afande."

"Hapa imeandikwa saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Jioni kivuli cha mtu kinafika ng'ambo ya barabara."

Felista alisogea akatazama. "Hapana. Saa sita na dakika ishirini. Si hiyo hapo? Kumi na nane, toa kumi na mbili, inabaki sita. Saa sita na ishirini, mchana. Iko sawa."

Pudensiana alifungua ukurasa mpya wa daftari.

"Felista. Hii kamera uliiweka saa lini?"

"Siku niliyoinunua. Ilifika na basi usiku, sikulala, nikaiwasha hapo hapo. Ikauliza saa. Ilikuwa saa saba usiku, nikaandika saba."

"Ukaandika saba."

"Si ilikuwa saa saba?"

Ilikuwa saa saba, ndiyo. Saa saba ya watu, ya mama na ya shangazi, ya adhana na ya kengele ya kanisa. Lakini kamera haikuzaliwa Mpanda. Saa saba usiku kwake ni moja, na saba kwake ni asubuhi watoto wanakwenda shule. Tangu siku ile ilikuwa mbele kwa saa sita kamili, na mwenye kamera akiisoma anaona iko sawa, kwa sababu anaisoma kama anavyosema.

Pudensiana aliruka mpaka kwenye picha ya Salvatori. 03:36.

"Na hii?"

"Saa tatu na dakika thelathini na sita," Felista alisema bila hata kufikiri. "Usiku. Nilitoka mgahawani muda si mrefu."

"Mjini wote wanasema alionekana saa tisa."

"Nimesikia. Nikajua kuna mtu mwingine alimpiga picha baadaye. Mimi yangu ya saa tatu. Polisi walichukua kadi, hawakuniuliza saa."

Hakuna aliyemuuliza. Vijana wa kituoni walisoma kompyuta, Afande Malale akasoma vijana, na yeye Pudensiana mwenye daftari akatembea siku nne kwa miguu akitafuta saa ambazo hazikuwahi kuwepo. Alitaka kucheka na alitaka kujizaba kofi. Salvatori alitoka mgahawani, akatembea mwendo wa dakika kumi, akasimama chini ya taa akimngoja mtu. Yule aliyekoroga uji kuanzia saa sita kasorobo alikuwa na saa mbili nzima kabla ya kuushika mwiko.

*Ile picha ya saa tatu na nusu.*

Alifungua daftari. Maneno yalikuwapo, kwa mwandiko wake.

"Nani mwingine anajua kamera yako inasomaje saa?" aliuliza taratibu.

"Kaka Selestine. Picha anazipanga yeye kwenye kompyuta. Mwezi wa saba alinicheka, akasema kamera yako inasema wageni wangu wamekula usiku wa manane. Nikataka nirekebishe. Akasema acha, nimeshazoea, mimi najua kutoa sita."

"Ndiyo maana kadi nyekundu ameifuta: wageni wake waliokula usiku wa manane wangeifichua kamera. Na Misunkumilo ulijificha kwa ushauri wa nani?"

Pudensiana aliona jibu likimfikia msichana usoni kabla halijafika mdomoni.

"Yeye," Felista alisema. "Alisema polisi watanisumbua. Alisema nisimwonyeshe mtu kamera mpaka aje yeye aichukue. Nikamwambia iko mahali salama, sikumtajia wapi."

"Umewasiliana naye leo?"

Felista alitoa simu mfukoni na kumwonyesha bila neno. Ujumbe ulikuwa umetumwa nusu saa iliyopita, kutoka juu ya bodaboda. *Kaka nimerudi mjini naelekea studio niko na kamera.* Chini yake jibu lilikuwa neno moja: *Nakuja.*

"Ulimwambia uko na mimi?"

"Hapana."

"Weka kadi nyingine kwenye kamera," Pudensiana alisema. "Piga picha moja ya ile saa ya ukutani, hapo juu ya mlango. Saa ya ukutani iwe ndani ya picha, kamera iandike ya kwake. Hata hakimu aliyesinzia ataona ziko mbali kwa saa sita."

Felista aliweka kadi. Aliponyanyua kamera, umeme ukakatika.

Walingoja kelele za mtaa mzima ukilalamika, kama ilivyo kawaida. Hakuna aliyelalamika. Pudensiana alichungulia penye mwanya wa dirisha. Ng'ambo ya barabara duka la mangi lilikuwa linawaka, redio inaimba, mtoto anapimiwa mafuta ya kula. Nyumba ya jirani inawaka. Giza lilikuwa lao peke yao, na swichi kubwa ya studio ilikuwa nje, ukutani, kando ya mlango.

Hakuwa na silaha. Alikuwa na pingu, tochi ndogo na simu. Alimwandikia Malale: *Studio ya Felista Majengo. Sasa hivi. Bila king'ora.* Kutoka kituoni ni dakika tano, dereva akiwa macho. Kisha akaweka mdomo kwenye sikio la msichana.

"Niko nyuma ya pazia. Mwache aongee. Akikusogelea, piga kelele."

"Usiniache, Afande."

"Sikuachi."

Alijipenyeza nyuma ya yale maporomoko, na alipokaa huko alijua amefanya jambo ambalo, likienda vibaya, hatalisamehe maisha yake yote. Waya wa mlangoni ulifunguliwa polepole, na mtu ambaye ni kama alikuwa ameshaufungua siku nyingine.

"Felista."

"Abee, kaka."

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Mbona umekaa gizani?"

"Umeme umekatika."

"Eeh," ile sauti ya chini ilisema. "Umekatika." Tochi ya simu iliwaka, ikatembea mezani, ikapita juu ya pazia. Pudensiana alifumba macho, kama vile kutokumwona mtu kungemzuia asionekane. Mwanga ukaondoka. "Umekonda, mdogo wangu. Shangazi hakulishi? Haya, lete kamera nikurekebishie saa."

"Ulisema niiache."

"Nilisema uiache. Sasa nasema ilete."

"Kaka, na ile kadi nyekundu, kwa nini uliifuta?"

Nyuma ya pazia Pudensiana aliuma kidole. Hakumtuma aulize hilo.

"Nani kakwambia nimeifuta?"

"Watu."

"Polisi wamekuuliza ile picha ulipiga saa ngapi?"

"Bado."

"Wakikuuliza?"

Ungekuwa wakati mzuri wa kudanganya. Lakini Felista alikuwa mtu wa picha, na sauti yake ilitoka nyembamba, imenyooka. "Nitasema saa tatu na dakika thelathini na sita. Kwa sababu ndiyo saa niliyopiga, kaka. Na yule mlinzi ana mtoto mdogo."

Selestine akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyechoshwa na watoto wa watu.

"Salvatori naye alikuwa hivyo hivyo. Nilimwambia nipe chupa tuyamalize, wewe mgeni hapa, utaniharibia mgahawa kwa kitu gani? Akasema ukweli lazima upimwe." Kitu kizito kiligonga mguu wa meza, chuma kwa mbao. "Nipe kamera, Felista. Sitakuomba tena."

Sasa, Pudensiana alijiambia. Sasa. Miguu ikagoma. Kwa pumzi moja nzima alisimama pale, mkono umeshika pazia, akiogopa kama hajawahi kuogopa tangu avae sare. Na katika pumzi hiyo chumba kizima kikalipuka mwanga mweupe.

Felista alikuwa amepiga picha.

Selestine alipiga ukelele, macho yamejaa weupe, akarusha mkono. Kamera ikaruka, ikapasuka kwenye saruji. Felista alianza kupiga kelele, kelele moja isiyokatika, na hiyo ndiyo iliyoirudisha miguu ya Pudensiana. Alilivuta pazia kwa uzito wake wote. Misumari ya dari iling'oka, na maji yote yale ya kuchora, na maghorofa, yakamwangukia Selestine kichwani. Nondo ya chuma aliyokuwa ameishika ilimtoka, ikabingirika. Pudensiana alimrukia juu ya kitambaa, akakipapasa mpaka akaupata mkono mmoja, akaufunga pingu, na upande wa pili akaufunga kwenye chuma cha dirisha.

"Selestine, uko chini ya ulinzi," alisema, akihema. "Ukijitikisa utabomoa nyumba ya watu."

Chini ya pazia mtu alikuwa akicheka taratibu. "Kamera imevunjika, Afande. Sasa mtasema saa ngapi?"

Afande Malale alifika na askari watatu, na wa kwanza kuingia ndiye aliyeinua swichi ya nje. Mwanga uliporudi Felista alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaokota vioo. Hakulia. Kutoka kwenye mabaki alichomoa kitu kidogo cheusi, kama ukucha wa dole gumba, akakipangusa kwenye gauni, akakichomeka kwenye laptopu.

"Imetoka?" aliuliza, kama anavyouliza mpiga picha yeyote.

Ilikuwa imetoka. Selestine alikuwa katikati ya picha, mkono mmoja umenyooshwa kudai, mwingine umeinua nondo, na uso wake, ule uso nadhifu wa kukaribishia wageni, haukuwa umekaribisha mtu. Juu ya kichwa chake, mlango ukiwa nyuma yake, saa ya duka la mbolea ilionekana vizuri: mshale mfupi umeivuka nane kidogo, mrefu umeipita mbili, yaani saa mbili na dakika kumi na mbili.

Afande Malale aliinama. Alivaa miwani, akasoma maandishi ya pembeni, 02:12, kwa sauti ile ile aliyosomea faili siku nne.

"Imepigwa saa nane na dakika kumi na mbili usiku."

Pudensiana aliangalia mlangoni tu, juu, na baada ya muda mkuu wake naye akageuka kuangalia. Saa ilikuwa inasema saa mbili na dakika ishirini na tano. Aliinua mkono, akatazama saa yake mwenyewe. Akarudi kwenye picha, kisha akarudi tena ukutani, na midomo yake ilianza kuhesabu bila sauti.

Alihesabu mpaka sita. Kisha akavua kofia.

"Yule mke wa Makoye," aliuliza, na sauti ilikuwa imempungua, "bado yuko kwenye benchi?"

"Yuko, Afande. Tangu Jumapili."

"Na funguo za mahabusu anazo nani?"